Sura ya Tisa: Bluu ya Matope ya Nkanka

Jeneza lilifika kabla ya ripoti. Inspekta Ndizeye alilikuta asubuhi ile kwenye veranda ya ofisi ya upelelezi pale Kamembe, limeegemezwa ukutani, na kando yake ameketi Bernadette, mke wa Néhémie Mulume wa Bukavu. Wanaume wanne waliolibeba kutoka Kongo kuvuka daraja la Rusizi walikuwa wamejinyoosha sakafuni, wanatafuna mahindi ya kuchoma.

"Maman Bernadette, nani alikuambia ulete sanduku?"

"Batu ya hapa. Banasema muuaji amekubali, mifupa iko. Unipatie bwana yangu, Inspekta, nirudie naye."

"Bado sijafunga uchunguzi."

"Ufunge." Alisema bila kupandisha sauti. "Miezi yote hii bashemeji banasema Néhémie alinikimbia, ati iko na bibi ingine huku Cyangugu. Ata ku kanisa bamama bameacha kunisalimia. Maiti haiko, matanga haiko. Mimi niko nani? Siko mujane, siko bibi ya muntu."

Kazi ya Ndizeye ilikuwa kuuliza, na hata hiyo aliifanya kwa mshahara uliokuja ukitaka.

Mambo yenyewe yalionekana mepesi, na ndiyo maana yalimkera. Mulume alikuwa mchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Jumapili ya Pentekoste, mwezi wa sita wa mwaka huo wa 2000, aliaga kwamba anavuka ziwa kuja Rwanda, hakurudi. Mwezi wa tisa, Béata, msusi wa vikapu wa Nkanka, alikuwa akichimba matope katika bonde la mafunjo kando ya ziwa, chini ya shamba lake, jembe likagonga fuvu. Watu wakaitana, kama ilivyo desturi yao. Munyemana, mvuvi wa palepale aliyekuwa akimuuzia Mulume sambaza, naye alikuja kutazama. Alipoiona ile mifupa, akaanguka magoti kwenye maji, akasema maneno mawili tu: "Ni mimi." Wakambeba mpaka mahabusu.

Na ile mifupa ilikuwa ya bluu. Mbavu, fuvu, hata meno yalikuwa na madoa ya bluu. Kesho yake Bernadette alipoletwa kutoka Bukavu na kuonyeshwa, alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni, maana siku ile mumewe aliondoka nyumbani amevaa shati la bluu, sare ya korali. Rangi ya shati imemwingia mifupani, akasema. Kila mtu akasema vilevile. Daktari alikuja akapima paja, akasema ni mwanamume mzima, akanawa mikono akaenda zake.

Hapo Ndizeye akawa na maswali yake. Shati likichuja rangi, lenyewe linakwenda wapi? Hakikupatikana kifungo wala uzi. Na nyama ya mtu inaishaje yote kwa msimu mmoja wa kiangazi, katika matope baridi yasiyopata hewa, ambamo hata jani la mgomba hukaa bila kuoza? Alimpelekea mkubwa wake maswali hayo. Mkubwa akavua miwani.

"Ndizeye, muntu amekubali. Unataka nini tena, akuimbie?"

Sasa Inspekta alimtazama yule mama na jeneza lake. "Unipe mpaka jioni," akamwambia, akaenda kutafuta pikipiki.

*

Béata alimpokea kwa ukali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Uvira kama Ndizeye mwenyewe, aliyerudi nchi ya wazazi wake baada ya vita na kuanza maisha kwa kusuka.

"Mutanirudishia lini mashimo yangu? Batu ya soko banataka vikapu vyeusi. Angalia hii!" Alimtupia kikapu chenye mistari ya kahawia iliyopauka. "Hii ni matope ya kule juu. Haishiki! Unachemsha katani na majani, unaizika ndani ya matope, lazima itoke nyeusi ti. Lakini matope yenyewe inapashwa kunuka sawa yai bovu. Kama hainuki, haishiki. Na ile yenye kunuka njo mumeweka kamba ya polisi."

"Unionyeshe namna ulichimba."

Waliteremka bondeni. Kiangazi kilikuwa kimeshusha maji, na shimo la Béata lilikaa wazi, kuta zake zikionekana vizuri. Ndizeye alikunja suruali, akaingia. Alichukua panga akaanza kuusawazisha ukuta mmoja, taratibu, kama anayekata mkate wa sikukuu. Zamani, kabla wenzake wa chuo kikuu cha Lubumbashi hawajamwambia arudi kwao Rwanda, alisoma jiolojia miaka miwili. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu juu ya elimu hiyo tangu alipovaa sare.

Ukuta ulionyesha tabaka. Chini kabisa matope meusi ya majani na mafunjo, juu yake utepe mwembamba mwekundu, halafu matope meusi tena, halafu utepe mwekundu, hivyo hivyo mpaka juu.

"Hii nyekundu ni nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Si udongo ya mulima? Masika ikinyesha sana, inateremuka yote hapa. Kila mwaka tunalia."

"Kichwa ulikipata wapi?"

Béata alionyesha. Ndizeye akapiga magoti ndani ya maji. Jembe la Béata lilikuwa limeng'oa sehemu kubwa ya mifupa, lakini ile ya mguu mmoja ilikuwa bado imo ukutani, imebanwa. Na juu yake zile tepe nyekundu zilipita moja kwa moja, kutoka upande huu mpaka ule, bila kukatika.

"Maman Béata, ukichimba shimo uzike kitu, halafu ufukie, tepe zinabaki namna hii?"

"Aka! Zinavurugika. Angalia pale nilizikaka katani mwaka jana. Ni mchanganyiko tu."

"Basi huyu hakuna muntu alimchimbia shimo mwezi wa sita. Alilala juu ya matope, na matope yakamfunika yenyewe. Masika juu ya masika."

Béata aliinama kuzitazama tepe upya.

Ndizeye aliuchomoa mfupa mmoja wa kisigino. Haukuwa wa bluu. Ulikuwa na ukoko mweupe, kama unga wa muhogo uliomwagikiwa maji. Akauweka juu ya jani la mgomba, juani, akaketi.

"Sasa tunangoya nini?" Béata akauliza.

"Tunangoya."

Béata si mtu wa kukaa kimya. Alimweleza habari za bei ya katani, za mchungaji aliyeagiza vikapu vya harusi halafu harusi ikavunjika, za jirani aliyemsingizia kwamba analoga kwa matope. Ndizeye alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo, macho kwenye jani. Habari ya jirani ilikuwa haijafika mwisho, Béata akanyamaza ghafla.

Mfupa ulikuwa unabadilika. Kwanza kingo, kijivu kidogo kama ukungu, halafu kijivu kikaanza kuwa na rangi ya ile bluu ya kufulia nguo nyeupe.

"Yesu wangu! Ni nini hii?"

"Mfupa una fosfori ndani yake," alisema Ndizeye. "Matope haya yana chuma, ile inayofanya udongo ya mulima ikuwe nyekundu. Huku chini hakuna hewa, basi chuma inayeyuka, inatembea ndani ya maji mpaka inakuta mfupa. Vinashikana vinafanya chumvi nyeupe. Inachukua miaka. Ukiitoa nje, hewa ikiigusa, njo inageuka bluu. Shati haikufanya kitu."

"Unasema kweli ao unanichezea?"

Ndizeye alirudi shimoni, akapapasa, akatoka na taya la mbuzi. Nalo lilikuwa na unga uleule mweupe. Akaliweka kando ya mfupa wa kwanza, wakalitazama wote wawili mpaka nalo likaanza kupata bluu.

"Na huyu," akauliza Inspekta, "alikuwa anaimba sauti gani ku korali?"

Béata alianza kucheka, akaacha. "Kama haiko Mulume, iko nani?"

"Muntu alikufa zamani. Tepe juu yake ni sita, miaka sita. Labda zaidi."

Aliyasema kwa haraka ya mtu aliyepata jibu, halafu akasikia alichokisema. Miaka sita nyuma, mwaka wa mauaji ya kimbari, kila bonde la nchi hii lilikuwa na watu wake. Béata alikuwa akiitazama mikono yake, mieusi kuzunguka kucha, rangi isiyotoka kwa sabuni.

"Toka nifike hapa nachimba hii shimo," akasema polepole. "Vikapu zangu zote. Zile za harusi, zile za ubatizo. Nilikuwa nazitia rangi ndani ya muntu, Ndizeye."

Alikwenda ukingoni mwa ziwa akaanza kunawa. Ndizeye alipoondoka na mifupa yake ndani ya mfuko alimwacha bado ananawa.

*

Njiani alijiona mtu wa maana, jambo ambalo halikumtokea mara kwa mara. Kuna mvuvi anaoza mahabusu kwa ajili ya rangi ya matope, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Kukiri kwa Munyemana hakukumsumbua tena. Katika miaka ile watu walikiri kwa hofu, kwa njaa, kwa uchovu wa kuulizwa. Mtu anaona mifupa, anaona watu wote wanamtazama yeye, kichwa kinamruka. Ndivyo alivyojieleza, na maelezo yalikaa vizuri mno.

Munyemana aliletwa katika chumba kidogo chenye dirisha moja la juu. Alikuwa mkubwa wa mabega, shingo imekonda.

"Kaa. Leo nimekuletea habari nzuri. Ile mifupa haiko ya Mulume."

Mvuvi aliinua kichwa. "Haiko yake?"

"Ni ya zamani. Miaka mingi mbele ya Pentekoste."

"Na ile bluu, afande?"

"Ni matope. Ata mbuzi akifia pale anageuka bluu."

Munyemana alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na Ndizeye hakuweza kujua kama analia au anacheka.

"Asante Mungu," Munyemana akasema. "Asante Mungu. Basi mimi sina kosa. Sikuua muntu. Wanifungulie niende kwa batoto."

"Utaenda. Lakini nitaandika, na mukubwa ataniuliza. Ulipigwa pale bondeni?"

"Hapana. Hakuna alinigusa."

"Kwa nini basi ulisema ni weye?"

"Woga tu. Niliona ile bluu, nikasema: Eh, ni yeye kabisa, shemise imemuingia mu mifupa. Akili ikapotea."

"Shemise gani?"

"Si ile shati yake ya korali?"

Kalamu ya Ndizeye ilisimama. Alijilazimisha kuandika neno moja zaidi, neno lolote, ili mkono usionekane umesimama.

Korali ya Mulume ilikuwa maarufu pande zote mbili za ziwa, na kwa miaka yote ilivaa shati jeupe lenye kola nyekundu. Bluu ilishonwa kwa ajili ya Pentekoste ile, na baada ya Mulume kupotea haikuvaliwa tena. Bernadette alikuwa amemweleza, na kumweleza tena, jinsi alivyokaza kifungo cha mwisho asubuhi ya Jumapili wakati mumewe anakunywa chai. Kutoka nyumbani Mulume alikwenda moja kwa moja mtumbwini; upande wa Rwanda hakuna aliyemwona. Na Munyemana, kila alipoulizwa kabla ya mifupa kuonekana, alikuwa ameshikilia kwamba hakumwona Mulume tangu Pasaka.

"Korali yao inavaaka nyeupe," alisema Ndizeye.

"Ilikuwa nyeupe. Ile siku ilikuwa..."

"Siku gani?"

"Batu banasema."

"Batu gani? Siku ulianguka magoti, Bernadette alikuwa angali Bukavu. Yeye njo wa kwanza kutaja bluu ya shati, na aliitaja kesho yake. Nkanka yote hakuna alijua. Nani alikuambia, Munyemana?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Munyemana iliishia hapo. Alitazama dirisha, akatazama mlango. Laiti angenyamaza tu mtu yule, Ndizeye alifikiri, hakuna mahakama ambayo ingemgusa. Lakini Munyemana alikuwa amechoka, na mtu aliyekwisha kusema mara moja, mara ya pili haimwii ngumu.

"Nilimupakia kule Bukavu, tulikuwa mu mutumbwi sisi wawili," akasema. "Tunaenda kuchukua sambaza upande ya kisiwa ya Ibinja. Alikuwa amevaa hiyo shemise mpya, anasema nisimuchafulie, ataimba nayo mangaribi. Katikati ya ziwa akaanza kulia. Ati Roho Mutakatifu amemuambia atubu. Nikamuuliza, utubu nini? Afande, nilikuwa na mudogo wangu, Cassien. Mwaka wa tisini na sita, bakimbizi ba Rwanda balikuwa banafukuzwa mu makambi kule Bukavu, nilimutafuta kote. Kumbe usiku moja alifika kwa mulango ya Mulume. Alibishaka, anamuita kwa jina. Mulume akazima taa. Asubui akamukuta pale inje, bale benye kumufukuza bameisha kumuua. Na toka ile mwaka anaendelea kununua samaki yangu, anakula kwangu, anapakata batoto yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na kasia mu mukono."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Ndizeye alilisikiliza shoka likianguka mara kadhaa kabla ya kuuliza swali la mwisho.

"Umemutia wapi?"

"Palepale. Nilimufunga ile jiwe ya kusimamisha mutumbwi. Pale kamba zetu zote ukiziunga hazifike chini. Béata alipotoa mifupa, na ile rangi, nikasema ziwa imekataa kumubeba. Imemutembeza chini kwa chini mpaka mu matope, juu Mungu anataka nionekane." Alipangusa pua kwa mkono. "Kumbe haikumurudisha."

"Haikumurudisha," alisema Ndizeye, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Aliandika yote. Munyemana alitia kidole gumba. Askari alipomwondoa, Inspekta alibaki na karatasi yake kavu, ushahidi safi kuliko wowote aliowahi kuupata, na hakuona la kujivunia. Uongo wa matope ndio uliomkamata muuaji, na yeye kwa elimu yake alikuwa amekuja kumfungulia. Zaidi ya hapo, alikuwa amemnyang'anya yule mama wa veranda maiti pekee aliyokuwa nayo.

*

Jua lilikuwa limezunguka mpaka kwenye veranda. Bernadette hakuwa amehama. Alimwona Ndizeye akija mikono mitupu, akasimama.

Alimwambia bila kuzunguka, maana hakujua njia nyingine. Mulume amekufa, kauawa na Munyemana siku ileile ya Pentekoste. Mifupa ya bondeni ni ya mtu mwingine. Mulume yuko ziwani, mahali ambapo hakuna kamba inayofika. Habari ya mlango na taa iliyozimwa aliiacha kwanza, ataisikia mahakamani.

"Basi hakunikimbia," Bernadette akasema.

"Hakukukimbia."

Aliketi tena. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yateremke. Kisha akajifuta kwa pembe ya kitenge.

"Unipatie ule muntu wa bluu."

"Maman..."

"Haiko na muntu. Na mie siko na maiti. Shemeji yangu ataamini mufupa, karatasi yako hataiamini. Nani atajua? Nitamuzika muzuri, Inspekta. Nitamulilia sawa wangu, nakuapia."

"Najua utamlilia. Lakini naye iko na batu banamutafuta. Pengine iko mama anakaa kwa veranda fulani, sawa weye hapa. Siwezi."

"Huwezi," akarudia, akiwa hana hasira. Alikaa akifikiri. Halafu akawageukia wale wabebaji. "Mukate mugomba kule nyuma. Shina ikuwe murefu, bwana yangu hakukuwa mufupi. Muufunge mu shuka, mutie ndani, mupige misumari."

Kwao mtu asiyeonekana huzikwa hivyo, kwa shina la mgomba. Ila huzikwa mchana kweupe, kila mtu akijua ni mgomba, na Bernadette hakuwa na nia ya kumwambia mtu. Ndizeye alijua, na Bernadette alijua kwamba Ndizeye amejua. Wanaume walikwenda. Yalisikika mapanga, halafu nyundo. Inspekta aliingia ofisini, akachukua karatasi ya kuvusha maiti mpakani, akaandika: Néhémie Mulume, mwanamume, Bukavu. Akagonga muhuri.

Jeneza liliinuliwa. Lilikuwa zito sasa, wabebaji waliguna. Bernadette aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Alishuka ngazi, akasimama, akarudi.

"Inspekta. Banasema bluu inatoka kwa matope, haiko kwa shemise yake."

"Njo vile."

"Kule chini, naye atageuka bluu?"

Angeweza kumdanganya. Siku ile alikuwa amekwisha kudanganya kwa muhuri, uongo mwingine usingemwongezea uzito.

"Hapana, maman. Mpaka hewa imuguse."

Bernadette alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akawafuata wanaume kuelekea darajani, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kwa kuwa maiti ikipitishwa barabarani lazima mtu alie.